Ndege za maganda ya risasi: ukusanyaji wake pwani ya kusini ya Kenya

Ndege za maganda ya risasi ni sanamu ndogo za eropleni zilizoundwa kwa mabaki ya vita. Ganda la risasi huwa kiwiliwili, mabawa hukatwa kwenye shaba ya ganda la mzinga, na lehemu hushikanisha vipande. Waundaji walikuwa askari, mabaharia, mafundi wa karakana na mateka; baada ya vita wakafuata mafundi waliowauzia wageni. Ni tawi la sanaa ya mahandaki, jina lililozaliwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakusanyaji wengi huzipima kwa uzuri na mng'aro. Kwa pwani ya kusini ya Kenya kipimo hicho hakifai: huku ndege ya aina hii ni hati kwanza, pambo baadaye, na hati isiyojulikana ilikotoka imepoteza sehemu kubwa ya maneno yake.

Sababu ipo katika historia ya mahali. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka kuelekea Mombasa, na Oktoba yakazuiwa Gazi, karibu na Msambweni. Miongoni mwa walioilinda njia hiyo walikuwamo King's African Rifles, wanajeshi kutoka India, na kikosi cha Waarabu kilichoundwa na Meja Arthur Wavell, ambaye aliuawa Mwele, ndani ya kaunti ya sasa ya Kwale, Januari 1916. Januari 1915 vita vikali vilipiganwa Jasini, ng'ambo kidogo tu ya Vanga. Ndege zenyewe hazikuwa mbali. Julai 1915 eropleni zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ziliongoza mizinga iliyoiangamiza manowari Königsberg katika delta ya Rufiji, na mwanzoni mwa 1916 Skwadroni ya 26 ilishuka Mombasa ikaenda kutumia uwanja wa Mbuyuni. Kisha, mwaka 1942, Kilindini ikawa makao ya meli za kivita za Uingereza katika Bahari ya Hindi. Shaba inayookotwa au kurithiwa Kwale yaweza basi kuwa ya vita viwili vilivyopishana kwa robo karne.

Kinachovitenganisha ni kitako cha ganda. Huko viwanda viligonga herufi zao na, mara nyingi, mwaka. Maganda ya Kijerumani ya vita vya kwanza huwa hata na alama S67, yaani asilimia 67 ya madini ya ganda ni shaba nyekundu. Lakini mwaka uliogongwa husema tu kwamba sanamu haikuundwa kabla yake. Ganda la 1915 laweza kukaa sandukuni miaka thelathini kabla fundi hajaligusa. Ndipo umbo la ndege linapoingia kama shahidi wa pili: ndege ya kivita ya Spitfire iliruka mara ya kwanza mwaka 1936, hivyo sanamu yake haiwezi kuwa ya Gazi ya 1914, hata ganda lake likiwa la wakati huo. Na mabawa mawili, moja juu ya jingine, hayathibitishi vita vya kwanza, kwa kuwa Swordfish ya jeshi la majini la Uingereza, yenye umbo hilo, ilipigana vita vya pili. Mashahidi hao wakinyamaza au wakigongana, hubaki wa tatu: habari za mahali na mikono iliyopitia. Huyo ndiye hupotea upesi zaidi.

Hupingwa kwamba nyingi ni bidhaa za kuuzia wageni, kwa hiyo kufuatilia asili yake ni kazi bure. Pingamizi hili lina uzito, ila linachanganya udanganyifu na biashara. Sanamu iliyoundwa ili iuzwe ni ushahidi halali wa soko lake. Kosa ni kuipa vita isivyovijua. Wengine husema vita hivi vilikuwa vya wageni, na shaba yao haituhusu. Lakini makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa wakibeba mizigo ya vita vya kwanza, na vita hivyo viliingia hata mifukoni mwa raia: mwaka 1916 Wajerumani waligonga sarafu za heller huko Tabora, katika karakana ya reli, kwa shaba iliyotokana na maganda. Mkono uliogeuza silaha kuwa chombo cha kila siku ulifanya kazi Afrika Mashariki pia, na alama zake ni urithi wetu.

Sheria haimsaidii sana mkusanyaji. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na mabaki ya 1914 yako nje ya mstari huo mpaka Waziri atangaze kuyalinda. Wakati huohuo shaba ina bei kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kilo haiulizi kitako kimeandikwa nini. Risasi ambayo haijalipuka si ya kukusanywa kamwe. Isiguswe, polisi waitwe. Lakini aliyerithi ndege ya shaba Gazi, Mkongani, Vanga au Ukunda asianze kwa kuisugua, maana msuguo hufuta herufi. Apige picha ya kitako, aandike kijiji, jina la aliyempa na mwaka alioipokea, kisha aipeleke Makumbusho ya Fort Jesus ionekane, ingawa atarudi nayo nyumbani.