Boriti za Lamu na Amri ya Serikali

Ndugu msomaji, ukiingia katika nyumba kongwe ya Lamu, inua macho uitazame dari. Utaona boriti zimepangwa bega kwa bega, na upana wa chumba ni pale boriti ilipoweza kufika. Vyumba vyembamba vya namna hiyo vimo hata Oman na katika bandari za Ghuba, maana huko miti ya kujengea ni haba. Majahazi yalikuja na kaskazi yakileta tende, chumvi na mazulia. Ulipovuma kusi yakarejea na mikoko ya kwetu, ikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini.

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko ya pwani ya Kenya kuwa msitu wa serikali. Biashara haikukoma kwa hilo. Ilikuwa mwaka 1982 ndipo amri ya rais ilipokataza boriti kupelekwa ng'ambo.

Amri ile ilikuwa na haki yake. Mizizi ya mkoko ndiyo ishikayo tope la ufuko, na humo ndimo wanamojificha kamba na samaki wadogo hata wakakua. Lakini tuseme kweli: nani aliyeumia? Tajiri wa jahazi aweza kutafuta shehena nyingine. Mbajuni aliyekuwa akilala horini siku kadhaa, akikata maji yakitoka na kupakia yakijaa, atatafuta nini? Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu yake, ni yeye tena aliyeweka shoka chini.

Khalifa Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alipomweka Hunayy kusimamia hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, alimuusia amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie Ibn Awf na Ibn Affan. Kwani hao, wanyama wao wakifa, wana mitende na mashamba ya kurejea. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Hima ilibaki hima, na maskini hakufukuzwa.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ilikaribia huko, kwa kuwaruhusu wanakijiji kuunda chama na kuutunza msitu pamoja na serikali. Kule Gazi, kusini ya Mombasa, wenyeji wanalinda na kupanda mikoko, na tangu mwaka 2013 wanalipwa na watu wa ng'ambo kwa hewa chafu inayovutwa na miti hiyo. Fedha hizo zimeleta maji kijijini na vitabu vya skuli.