Aliyeanguka na Aliyejiangusha

Mtu aliyefanya kazi ya ualimu kwa miaka mingi hujifunza kuutambua ugonjwa wa uongo. Mimi nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1973, nikafundisha hadi nilipostaafu nikiwa mkuu wa shule ya bweni. Katika miaka hiyo nimeona matumbo yaliyouma Jumamosi alfajiri, siku ya kazi za shamba, yakapona ghafla kengele ya chakula cha mchana ilipogongwa. Nimepata pia kuwa refa wa kandanda katika mashindano ya shule, na huko nimeona vijana wakigaagaa kama waliovunjika mguu, kisha wakainuka na kukimbia kama swala mara tu filimbi ya faulo ilipolia.

Kwa hiyo mwaka 2018, nilipokwenda Marekani kumtembelea binti yangu, na mkwe wangu akaniketisha mbele ya televisheni kutazama mpira wa vyuo vikuu vya huko, sikuelewa sheria hata moja. Lakini jambo moja nililielewa bila kufundishwa. Mlinzi mmoja, mzima wa afya, aligeuka kumtazama kocha wake pembeni mwa uwanja, kisha akaketi chini taratibu na kulishika goti. Nikasema, "Huyu haumwi." Mkwe wangu akacheka, "Baba, hilo ndilo linalowagombanisha watu hapa kila Jumamosi." Tangu siku hiyo nimelifuatilia jambo hilo, kwa sababu liliniamshia kumbukumbu ambayo nitaieleza hapa chini.

Mpira wa Wamarekani si kandanda yetu. Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusonga mbele yadi 10. Baada ya kila nafasi mchezo husimama, mpira huwekwa mahali pake, na watu hujipanga upya. Kila timu ina haki ya kuomba mapumziko mafupi mara 3 katika kila nusu ya mchezo, yakiisha, yameisha. Lakini mtu akiumia, refa husimamisha mchezo na saa kwa ajili yake. Huo ni utu, na hakuna mwenye akili atakayeulaumu. Bahati mbaya ni kwamba mlango uliofunguliwa kwa ajili ya huruma ndio huo huo ulioingiza hila.

Hila yenyewe si ya jana. Novemba 1953, Chuo Kikuu cha Notre Dame, kilichokuwa kikiongoza nchi nzima, kilicheza na Iowa. Nusu ya kwanza ilikuwa imebakiza sekunde 2, Iowa ikiwa mbele, na Notre Dame haikuwa na mapumziko ya kuomba. Mchezaji wake Frank Varrichione akaanguka akishika mgongo. Saa ikasimama, Notre Dame ikapata nafasi moja zaidi, ikafunga. Mwishoni mwa mchezo, zikiwa zimebaki sekunde chache, hila ile ile ikarudiwa, na Notre Dame ikafunga tena. Matokeo yakawa sare ya 14 kwa 14. Wachezaji wa chuo hicho hujulikana kwa jina la Waairishi Wapiganaji. Baada ya siku ile wenye kejeli wakawaita Waairishi Wanaozirai. Msimu ule hawakushindwa mchezo hata mmoja, lakini sare ile iliwaondoa kileleni.

Zamani, basi, walijiangusha washambuliaji waliotaka kuisimamisha saa. Katika karne hii mambo yakageuka, wakaanza kujiangusha walinzi waliotaka kupumua. Mwaka 2008 sheria ya saa ilibadilishwa, timu ikawa na sekunde 40 tangu nafasi iliyopita kwisha, badala ya kungoja refa aanzishe hesabu ya sekunde 25. Makocha werevu wakaona kwamba wakiharakisha, wakaacha kukusanyika na kunong'onezana kila mara, walinzi wangechoka. Tena sheria inasema mshambuliaji akibadilishwa, walinzi nao lazima wapewe nafasi ya kubadilishana. Asipobadilishwa, mpira unaweza kuanzwa hata kabla mlinzi aliyechoka hajafika nje. Chuo Kikuu cha Oregon kilikuwa bingwa wa mbio hizo. Mlinzi mwenye uzito wa kilo 130, anayehema kama mvukuto wa mhunzi, alikuwa na njia moja tu ya kupumzika, nayo ni kulala chini.

Novemba 2010 Oregon ilicheza na California, mjini Berkeley. Timu ile iliyozoea kufunga pointi 40 na zaidi iliponea chupuchupu kwa 15 kwa 13. Ilipobainika baadaye kwamba kocha msaidizi mmoja wa California ndiye aliyemwagiza mchezaji ajiangushe, chuo chake kilimfungia mchezo mmoja. Naomba msomaji aliweke moyoni neno hilo: kumwagiza. Kijana hakujitungia uongo ule. Alifundishwa, na aliyemfundisha alikuwa mwalimu wake.

Wakubwa wa mchezo wamejaribu dawa nyingi. Kitabu cha sheria tangu zamani kinasema kujifanya umeumia ni udanganyifu usiolingana na uungwana wa mchezo. Lakini maneno mazuri kitabuni hayamzuii mtu anayetaka ushindi. Kuna pia sheria kwamba aliyesimamishiwa mchezo kwa kuumia atoke nje walau kwa nafasi moja. Adhabu hiyo ni nyepesi, maana aliyechoka alikuwa anataka kutoka hata hivyo. Mwaka 2014 lilitolewa pendekezo kwamba mpira usianzwe kabla ya sekunde 10 za kwanza kupita, ili walinzi wapate kubadilishana. Makocha wa timu za mbio wakapiga kelele, na pendekezo likawekwa kando. Mwaka 2021 ikaamuliwa kwamba anayeshuku hila apeleke picha za video kwa mratibu wa waamuzi wa taifa baada ya mchezo, naye atoe maoni kwa ligi inayohusika. Novemba 2024 ligi kubwa ya vyuo vya kusini mashariki ikatangaza kumtoza kocha mkuu dola 50,000 kwa kosa la kwanza na dola 100,000 kwa la pili, na la tatu kumfungia mchezo mmoja.

Hatimaye, kuanzia msimu wa 2025, ikaja sheria mpya kwa vyuo vyote vya chama hicho cha michezo. Mpira ukishawekwa mahali pake kwa ajili ya nafasi inayofuata, kisha mchezaji akalala chini na waganga wakaingia kumwangalia, timu yake hukatwa pumziko moja kati ya yale 3. Ikiwa hayapo tena, hurudishwa yadi 5. Refa hatakiwi tena kusoma moyo wa mtu ili ajue anadanganya au la. Anatazama tu mpira ulikuwa wapi alipoanguka.

Niliposimuliwa sheria hiyo na mkwe wangu kwa simu, nilikaa kimya kitambo, mpaka akauliza kama simu imekatika. Haikuwa imekatika. Nilikuwa nimerudi shuleni kwangu, katika miaka ya 1980.

Wakati ule wagonjwa wa Jumamosi walikuwa wengi mno. Kila siku ya shamba walijipanga zaidi ya 20 mlangoni kwa muuguzi wa shule. Nami, kwa kujiona mwerevu, nikatunga sheria. Mabweni yalikuwa yakishindania alama za usafi na kazi, na bweni la kwanza lilichinjiwa mbuzi mwisho wa muhula. Nikatangaza mstarini kwamba kila mgonjwa wa Jumamosi angelipunguzia bweni lake alama moja. Sikuuliza nani anaumwa kweli na nani anadanganya. Nilihesabu vichwa tu. Jumamosi iliyofuata wagonjwa walikuwa 3. Nikajisifu mbele ya walimu wenzangu.

Wiki ya tano, kijana mmoja wa kidato cha pili, mpole, asiyepata kusingizia lolote, alianguka shambani jembe likiwa mkononi. Alikuwa na homa tangu Alhamisi. Wenzake walijua, kiranja wake alimwomba avumilie kwa sababu bweni lao lilikuwa likiongoza kwa alama 2. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Tulimpeleka hospitali nyuma ya lori la mkaa, nami nimeketi kando yake nimekishika kichwa chake. Alipona, namshukuru Mungu, lakini baada ya majuma matatu. Mama yake alipofika hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwalimu, kwa nini hakusema?" Jibu nilikuwa nalo, ila sikuweza kulitamka.

Ndiyo maana siwezi kuishangilia sheria ya Wamarekani kwa mikono miwili, ingawa siilaumu. Uongo ukiwa hauna gharama, watu huongopa; hilo ni kweli uwanjani na bwenini. Lakini gharama ikitozwa kwa kuanguka, hulipwa na aliyejiangusha na aliyeanguka pamoja. Katika mchezo ule watu hugongana vichwa, na ni jambo linalojulikana kwamba vijana wengi huficha maumivu ya kichwa ili wasitolewe. Kijana wa namna hiyo akihisi kizunguzungu mpira ukiwa umeshawekwa, naye anajua timu yake imebakiwa na pumziko moja, moyo wake utamwambia kama ulivyomwambia yule wa kidato cha pili: vumilia. Wakati huo huo mjanja atakuwa amekwisha kujifunza kulala mapema, kabla mpira haujawekwa.

Nilipoifuta sheria yangu, nilifanya mambo mawili ambayo ningepaswa kuanza nayo. Kwanza niliuliza kwa nini wanaumwa Jumamosi, nikagundua kwamba tulikuwa tukiwapeleka shamba tangu alfajiri bila hata uji. Tukawapa uji kwanza, na nusu ya wagonjwa wakapona. Pili, niliacha kuwaandama wadogo, nikawaita viranja waliokuwa wakiwapangia zamu za kuumwa, nikawaadhibu wao. Wamarekani nao wamezigusa njia hizo mbili. Pendekezo la sekunde 10 lilikuwa ule uji, wakalikataa. Faini ya kocha ndiyo kumwita kiranja, na kwangu hiyo ndiyo sheria iliyo bora kuliko zote walizotunga, kwa sababu inamfuata aliyeagiza uongo na kumwacha aliyelala chini mikononi mwa mganga.

Yule kijana wa kidato cha pili leo ni mtu mzima mwenye wajukuu. Tukikutana huniamkia kwa heshima, nami humuuliza habari za afya yake. Kila mara hunijibu kwamba hajambo kabisa, nami kila mara humtazama usoni kwa muda kidogo kabla ya kumsadiki.