Bahari Juu ya Sahani

Hakuna anayeweza kulia chakula kwenye sahani za Bernard Palissy. Katikati huwa kuna kisiwa, na juu yake nyoka amejikunja. Maji yanakizunguka, samaki wamo majini, na ukingoni kuna mijusi, majani na makombe. Ukitazama kwa karibu utaona hata magamba ya samaki, moja moja. Hayakuchongwa. Palissy alimfunika samaki mwenyewe kwa plasta, akapata kalibu, kisha akasindilia udongo ndani yake.

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na jioni ninafinyanga pweza na kaa wa udongo wa polima, ninawabandika kwenye makopo ya sukari na fremu za vioo. Katika semina moja niliulizwa kama mapambo ya jikoni ni mada ya kuandikia tasnifu. Jibu langu ni huyu Mfaransa wa karne ya 16.

Palissy alizaliwa mnamo 1510 hivi. Aliishi Saintes, karibu na mashamba ya chumvi ya pwani ya magharibi, ambayo aliwahi kulipwa kuyapima na kuyachorea ramani. Siku moja alioneshwa kikombe chenye mng'aro mweupe, akaapa kuijua siri yake. Ilimchukua zaidi ya miaka 15. Kwa maelezo yake mwenyewe, kuni zilipomwishia huku joko likiwaka, alichoma meza na mbao za sakafu ya nyumba yake. Mkewe alilalamika, majirani wakamdhihaki. Hatimaye alifaulu, na sifa zake zikamfikisha Paris, alikomjengea Catherine de' Medici pango la mapambo katika bustani ya Tuileries.

Kinachonivutia zaidi ni makombe yake. Waliochunguza vyombo vyake waligundua kwamba makombe mengi yana umbo la visukuku vinavyochimbwa ardhini katika eneo la Paris, mbali na bahari. Yaani Palissy alipotaka viumbe wa baharini, aliokota mawe. Na mtu anayekandamiza kombe la mawe kwenye kalibu mara mia, akilinganisha kila mstari na kombe aliloliona ufukweni, hawezi kukosa kujiuliza: limefikaje hapa?

Wakati huo wasomi wengi walijibu kwamba hayo ni maumbo tu yaliyojitengeneza ndani ya miamba, au kwamba yaliletwa na gharika ya Nuhu. Palissy, ambaye hakujua Kilatini wala Kigiriki, alitoa mihadhara Paris na kuchapisha kitabu mwaka 1580. Humo alisema kwamba hao walikuwa viumbe hai, na kwamba waligeuka mawe pale pale walipoishi, palipokuwa na maji. Hoja hiyo haikutoka maktabani. Ilitoka kwenye vidole. Mnamo 1590 hivi alifia gerezani Bastille, akiwa amekataa kuiacha imani yake ya Kiprotestanti.

Aliyekulia Mombasa au Lamu huenda asishangae sana, maana kuta za mji wa kale ni matumbawe, na kombe ndani ya ukuta ni jambo la kila siku. Lakini kuliona ni kitu kimoja, kuliuliza ni kingine.

Udongo ninaoutumia mimi hauhitaji joko. Ulianza kutumika Ujerumani katika nyumba ya Käthe Kruse, mtengenezaji wa wanasesere. Haukumfaa kwa vichwa vya wanasesere, akamwachia binti yake Sofie, na katika miaka ya 1960 kampuni ya Eberhard Faber ikaanza kuuuza kwa jina la Fimo. Leo unauoka kwenye oveni ya kawaida, kwa nyuzi 110 hadi 130 hivi. Hakuna anayechoma meza.

Ila kwa kweli si udongo. Ni plastiki ya PVC iliyolainishwa. PVC hutengenezwa kwa klorini, inayotolewa kwenye chumvi, na kwa mafuta ya petroli au gesi; na sehemu kubwa ya petroli ni mabaki ya viumbe wadogo mno waliozama chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa hiyo pweza wangu naye ametengenezwa kwa bahari iliyokufa zamani, kama makombe ya Palissy. Tofauti ni kwamba kombe lake lilionesha asili yake kwa yeyote aliyelitazama. Plastiki haina alama. Imesagwa, imepikwa, imetiwa rangi, na ikitupwa huweza kurudi baharini bila kuoza.

Ndiyo maana ninafinyanga nikiwa na pweza halisi wa sokoni mezani, nikihesabu vikombe vya kunyonyea kwenye mkono wake, safu mbili mbili. Na ndiyo maana sura ya kwanza ya tasnifu yangu inaanzia jikoni.