Palizi ya Kunde Ugogoni

Bibi yangu alilima kunde Ugogoni kwa jembe la mkono, na palizi ya kwanza hakuichelewesha kamwe. Wiki mbili au tatu baada ya kuota, kunde bado ni fupi, na magugu huyawahi maji machache ya Dodoma. Ukikawia, maganda huja haba na mepesi. Basi majirani waliitwa, pombe ya mtama ikapikwa, shamba likapaliliwa kwa pamoja. Nauheshimu sana ushirika ule.

Operesheni Dodoma ya 1971 ilipowakusanya watu katika vijiji vya ujamaa, mashamba mengi yalibaki mbali na nyumba. Mwendo ulikula muda wa jembe.

Lakini lipo gugu ambalo jembe pekee haliliwezi: Alectra vogelii. Hujishika kwenye mizizi ya kunde na njugu mawe, likanyonya chini kwa chini. Maua yake ya manjano yanapotokeza, hasara imeshaingia. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, hukaa udongoni miaka mingi. Bibi aliling'oa kabla halijazaa mbegu, akalichoma, na msimu uliofuata akapanda mtama mahali pale. Watafiti nao hushauri hivyo, pamoja na aina za kunde zinazolistahimili.