Mzigo wa Mazoezi

Mzigo wa mazoezi ni jumla ya kazi ambayo mwili umefanyishwa katika kipindi fulani, aghalabu juma moja. Walimu wa viungo huugawa mara mbili. Mzigo wa nje ni ule unaohesabika: kilomita, kilo, dakika. Mzigo wa ndani ni namna mwili ulivyoipokea kazi hiyo. Watu wawili wakikimbia kilomita tano pamoja, mmoja akafika anapiga soga na mwenzake anatweta, mzigo wa nje ni uleule lakini wa ndani umeachana mbali.

Wapo wanaoandika "uzito wa mazoezi". Siafiki, kwa kuwa msomaji atafikiria vyuma vya kunyanyua. "Ukali" nao ni nusu ya jambo tu, maana mzigo ni ukali pamoja na muda wake. Mtaalamu wa Marekani, Carl Foster, aliuweka katika hesabu nyepesi: ukimaliza, yape mazoezi alama ya ugumu kuanzia 0 hadi 10, kisha zidisha kwa dakika. Mbio za dakika 40 kwa alama 6 ni 240. Taichi, yale mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, ya nusu saa kwa alama 2 ni 60. Saa na daftari vinatosha.

Faida ya hesabu hii ni kwamba haibagui kazi na mazoezi. Mvuvi wa Kabuta, ufukoni mwa Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, akivuta nyavu saa mbili kwa alama 7, amekwisha kubeba 840. Ratiba iliyoandikiwa mtu wa ofisini itamuumiza bure.

Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Mabega yaliyozoea kuvuta hukaa miezi mitatu bila kazi hiyo, hata kama jembe limeshika nafasi ya kasia. Machi ikiingia, mwili unadaiwa mzigo wa Novemba kwa mkupuo. Kano huzoea kazi polepole kuliko misuli, na hapo ndipo bega linapoanza kuuma.

Kwa juma la Januari ningempangia mvuvi huyo mazoezi ya nguvu Jumatatu na Alhamisi: kuvuta kwa kamba ndoo ya mchanga, kuchuchumaa na kuinuka, pushapu. Jumamosi akimbie. Jumanne, Jumatano na Ijumaa ni za taichi, Jumapili apumzike. Siku nzito na nyepesi zipishane, kwani mzigo usiobadilika huchosha kuliko jumla yake inavyoonyesha.

Taichi ina alama ndogo, lakini si mapumziko. Simama magoti yamelegea, hamishia uzito wote mguu wa kushoto mpaka wa kulia unyanyuke bila kiwiliwili kuyumba, kisha tua kisigino kwanza, unyayo ufuate taratibu. Paja lililobeba litatetemeka, na kutetemeka huko ndiko kazi yenyewe. Anayevuta wavu akiwa amesimama mtumbwini anahitaji stadi hiihii. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 mazoezi ya mizani ya mwili angalau siku tatu kwa juma, na taichi inafaa kabisa. Mtindo rahisi wa miondoko 24, uliotungwa China mwaka 1956, huchukua dakika tano au sita.

Februari kamba ivutwe zaidi kila juma, kidogo kidogo. Nyavu zikirudi majini, mazoezi ya nguvu yafutwe daftarini kwa majuma ya mwanzo, taichi ibaki.