Saini Moja Dhidi ya 261

Unajua nini kinachochosha katika migogoro ya makanisa? Wanaosali kila Jumapili ndio mara nyingi wa mwisho kuulizwa. Wiki hii nimekuwa nikisoma habari za kanisa moja la shamba huko Uskoti, liitwalo Marnoch, kaskazini mashariki ya nchi, jirani na kijiji cha Aberchirder. Sio kanisa kubwa, wala si maarufu kwa watalii. Lakini kisa chake kimenikaa kichwani.

Kwanza tuelewe utaratibu wa wakati ule. Kanisa la Uskoti lilikuwa kanisa la taifa. Wenye ardhi wa eneo walibanwa na sheria kulijenga kanisa, kulikarabati na kumlipa mchungaji. Na juu ya hayo, tangu sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1712, kabaila mwenye haki hiyo ndiye aliyeteua mchungaji. Washarika walibaki kuitikia amina.

Mwaka 1834 Mkutano Mkuu wa kanisa ukaona imetosha. Ukapitisha kanuni kwamba wanaume wakuu wa familia wengi wakimkataa mteule, basi amekataliwa. (Ndiyo, wanaume tu. Wanawake walijaza viti kanisani lakini hawakuhesabiwa.)

Mwaka 1837 mchungaji wa Marnoch akafariki. Wadhamini wa mali ya Earl wa Fife wakamteua John Edwards. Tatizo ni kwamba Edwards hakuwa mgeni. Alishawahi kuwa msaidizi wa marehemu, watu walimjua vizuri na hawakumtaka. Kati ya wakuu wa familia 300, waliompinga walikuwa 261. Waraka wa kumwita ulipata saini ya msharika mmoja tu: Peter Taylor, mwenye nyumba ya wageni ya Aberchirder, mahali ambapo wachungaji wa eneo hilo walikuwa wakila chakula!

Wadhamini wenyewe walielewa somo, wakaleta jina jingine, David Henry. Edwards hakukubali. Akaenda mahakamani, na mahakama ikampa ushindi, kwa sababu mwaka 1839 Baraza la Malodi lilikuwa limekwisha amua, katika kesi ya usharika mwingine uitwao Auchterarder, kwamba kanuni ya 1834 haina nguvu mbele ya sheria ya nchi. Wachungaji saba wa presbiteri ya Strathbogie wakaona bora kuitii mahakama. Kanisa likawasimamisha kazi. Wao wakaendelea.

Ndipo ikaja tarehe 21 Januari 1841. Theluji ilikuwa nene, hata hivyo watu wapatao 2,000 walifika, wengine kutoka mbali. Mwanasheria wa washarika akasoma pingamizi lao. Halafu, wazee kwa vijana, watu wa Marnoch wakakusanya Biblia zao kutoka kwenye viti walivyokalia tangu utotoni, wakatoka nje. Hawakumgusa mtu. Fujo zilizuka baadaye, na zilifanywa na wageni waliobaki ndani. Hakimu akaja kuzituliza, na Edwards akasimikwa mbele ya watazamaji.

Hebu fikiria walichokiacha. Jengo walilobatiziwa, na mshahara wa mchungaji uliolindwa na sheria. Waliotoka walitakiwa sasa kujenga kwa mifuko yao, na walijenga kweli, kijijini Aberchirder. Mchungaji wao? Yule yule David Henry.

Kwa maoni yangu, Marnoch iliwaonyesha Waskoti jambo ambalo hotuba zilishindwa kulionyesha: mahakama inaweza kumpa mtu kanisa, lakini haiwezi kumpa waumini. Tarehe 18 Mei 1843, wachungaji zaidi ya 450, yaani kama theluthi moja ya wote, walifanya kwa nchi nzima kile ambacho Marnoch ilifanya kwenye theluji. Wakaacha nyumba na mishahara, wakaanzisha Kanisa Huru. Kanisa hilo ndilo lililotuma misheni ya Livingstonia kwenye Ziwa Nyasa mwaka 1875, kwa hiyo mawimbi ya kisa hiki yalifika hata kwa majirani zetu wa Malawi.

Haki ya makabaila kuteua wachungaji ilifutwa mwaka 1874, miaka 33 baada ya siku ile. Mwaka 1929 sehemu kubwa ya warithi wa waliotoka iliungana tena na kanisa la taifa.

Watakaosema kwamba sheria ni sheria wana hoja, maana wale wachungaji saba walitii amri halali ya mahakama. Lakini mimi najiuliza swali dogo: uhalali unaotegemea saini moja ya mwenye nyumba ya wageni ni uhalali wa nani? Waliobeba Biblia zao siku ile hawakusubiri jibu la Malodi. Walikuwa na kura moja tu iliyobaki, nayo ilikuwa miguu yao.