Uhuru wa kuabudu ulivyoingia katika Katiba

Soko la Burma, pale karibu na Jogoo Road jijini Nairobi, limebeba jina la nchi ambako askari wa King's African Rifles walipigana na Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia. Waislamu kwa Wakristo walivaa sare moja. Waliporudi, koloni la Kenya halikuwa na katiba yenye sura ya haki. Mwaka 1948 serikali iliipiga marufuku Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, na hapakuwa na kifungu cha kuitetea.

Haki ya kuabudu ilianza kujadiliwa katika mazungumzo ya Katiba ya Kenya yaliyofanyika Lancaster House, London, mwaka 1960. Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi, aliwaandikia wajumbe wa Kiafrika rasimu ya haki. Lakini matini yaliyopitishwa yalifuata Katiba ya Nigeria, nayo ilikuwa imeazima kwa Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa 1950. Ndivyo kifungu cha 22 cha Katiba ya 1963, kinachohusu uhuru wa kuabudu, kilivyopatikana. Pwani ilikuwa na dai lake: Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, walikubaliana kwamba Mahakama za Kadhi za Waislamu zitadumu.

Kifungu cha 22 kilikuwa na mlango mpana wa kutokea: usalama na utulivu wa umma. Serikali huru iliutumia. Mwaka 1968 Msambwa ilipigwa marufuku tena, safari hii na Waafrika wenzake Masinde. Hilo linaniuma kuliko marufuku ya Mwingereza.

Katika kura ya maoni ya 4 Agosti 2010, viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya Katiba mpya, wakitaja Mahakama za Kadhi miongoni mwa sababu zao. Wapiga kura waliipitisha kwa takriban asilimia 67. Ibara ya 8 ya Katiba hiyo inasema hakuna dini ya taifa. Ibara ya 32 inalinda imani. Maneno hayo yamepata nguvu kwa waumini walioshinda mahakamani: Wasabato mwaka 2017, kuhusu wanafunzi wao na Jumamosi, kisha mwaka 2019 mwanafunzi Rastafari aliyefukuzwa shule kwa sababu ya rasta zake.

Mzazi wa Kaloleni au Makongeni, isome Ibara ya 32(3). Inakataza mtu kunyimwa shule, kazi au huduma kwa ajili ya dini yake. Mwanao akirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo, peleka Ibara hiyo kwa mwalimu mkuu.